Bolti Zilikazwa Magurudumu Yakining'inia

Hasira yangu haijapoa, wala sitangoja ipoe ndipo niandike. Kusi ilipoanza kuvuma nililipeleka gari langu kwenye gereji moja hapa Malindi ili libadilishwe bushi zote za sasipensheni, vile vipande vya mpira vinavyokaa kwenye viungo vinavyoshika magurudumu. Nililipa nilichoambiwa bila kuomba kupunguziwa, na kazi iliyopaswa kukaa miaka haikufikisha hata miezi miwili.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z niliyoachiwa na ami yangu, aina ile ile iliyoshinda mbio za magari za Safari mwaka 1971 na ikashinda tena mwaka 1973, na hadi leo wazee wa mtaa wa Barani wakiliona hulisogelea na kuligusa boneti. Hewa ya chumvi haikulihurumia. Kila tuta la barabara ya Gede lilijibiwa na kishindo chini ya miguu yangu, na usukani ulikuwa ukiyumba hata kwenye lami iliyonyooka. Nilipochungulia chini nikakuta mpira wa bushi umekakamaa na unameguka kama mkate mkavu. Binamu yangu aliniletea mpya kutoka Uingereza, nami nilitaka za mpira kama zilivyokuwa za asili, si za poliyurethani, aina ya plastiki, ambazo ni ngumu zaidi na hulia zikikosa grisi.

Nianze na haki ya mtu. Kijana aliyefungua upande wa nyuma alinifurahisha sana. Huko nyuma kuna pini ndefu inayopita chini ya nguzo ya shoku, nayo imezuiwa katikati na kabari ndogo ya chuma. Mtu mwenye pupa huigonga pini kwa nyundo kabla ya kuitoa kabari, ncha ikavimba na hesi zikaharibika. Kijana huyu aliilowesha kwa mafuta ya kulegeza kutu kwa siku mbili, akaitoa kabari kwanza, kisha akaisukuma pini taratibu kwa presi hadi ikatoka nzima. Nilimshukuru na nikampa chochote cha chai.

Aliyeniudhi ni bwana wake, siku ya kufunga. Gari lilikuwa juu ya stendi, magurudumu yananing'inia, naye akashika spana ndefu kukaza bolti zote kabisa. Nikamwambia kwa upole, "Bwana fundi, tafadhali zifunge kwa mkono tu, tulishushe gari chini likae kwa uzito wake, ndipo uzikaze." Hakugeuka. Akasema, "Mzee, mimi nafunga magari tangu ukiwa na nywele nyeusi. Bolti ni bolti." Vijana wote wakanyamaza. Nami, kwa kuona haya ya kubishana na mtu kazini kwake, nikanyamaza pia, na kunyamaza huko kunaniuma hadi sasa.

Bolti si bolti. Bushi ya mpira haizunguki kama beringi. Mpira wake umeshikamana na bomba la chuma la ndani na la nje, na gurudumu linapopanda na kushuka, ni mpira wenyewe unaojipinda kisha ukarudi. Bolti ikikazwa, bomba la ndani hukamatwa pale pale lilipo. Ukilikamata bomba hilo huku gurudumu likining'inia, gari likishushwa tu mpira tayari umesokotwa kabla hujaliwasha, na kila tuta huusokota zaidi. Labda bwana huyu amezoea bushi za poliyurethani, ambazo bomba lake la ndani huzunguka, hivyo kosa hili halizidhuru sana. Nilitaka kumwachia udhuru huo. Lakini bushi zilikuwa mkononi mwake, naye aliziona kuwa ni mpira.

Kishindo kiliporudi, nilimulika kwa tochi nikaona bushi ya mbele kushoto imechanika kwa umbo la mwezi mwandamo kuzunguka bomba la ndani. Ya kulia ilikuwa imeanza. Basi nikalipandisha gari juu ya mbao nene uani, magurudumu yakiwa yamebeba uzito wote, na mpwa wangu akalegeza bolti za nyuma. Ile ya kwanza ilipoachia, tulisikia mpira ukiguna kwa muda mrefu, na gari likashuka mbele ya macho yetu kiasi cha vidole viwili. Vidole viwili! Mzigo huo wote ulikuwa ukibebwa na mpira badala ya springi. Tukazikaza palepale, na za nyuma zimepona.

Nilirudi gereji na bushi iliyochanika nimeishika. Bwana yule hakuipokea hata aitazame, akaniambia kuwa vipuri vya siku hizi ni vibovu. Nilikuwa nimekusudia kuwashauri wenye magari ya zamani waende pale wamuulizie kijana wa nyuma, kwa kuwa mkono wake ni wa thamani. Sasa nasema msiende, maana kijana hufungua, lakini anayefunga ni bwana wake. Bushi za mbele nimeziagiza upya kwa gharama yangu, na kijana amekubali kuja kwangu siku ya mapumziko yake. Mbao zile nene bado ziko uani.