Kibrashi cha katikati ya meno, kwa aliyepandikizwa jino

Mimi ni fundi wa mashua, Lamu. Kati ya vitu vyote nilivyonunua kwa ajili ya jino langu la kupandikiza, kilichonifaa zaidi ni kidogo kuliko kijiti cha kibiriti: kile kibrashi cha kupitisha katikati ya meno, nywele zake zimezunguka waya. Nimekitumia miezi minne sasa.

Gego langu la chini kushoto liling'olewa. Nikaenda Mombasa, nikatiwa skrubu ya titani, nikashonwa, nikangoja miezi mitatu mfupa uishike. Mfupa haukunisumbua hata siku moja. Tabu ilianza niliporudi daktari akafungua ufizi na kufunga kofia ndogo ya chuma, ile inayotokeza juu ili nyama ipone ikiizunguka na kuliachia jino jipya nafasi yake.

Nikaogopa kuigusa. Nikawa nasukutua tu. Tena duka moja la dawa liliniuzia maji ya buluu yenye harufu ya mnanaa, nami sikusoma chupa. Hayakuwa na klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu vya kinywani, ambayo ndiyo daktari aliyoniandikia. Siku ya kumi na mbili ufizi ulikuwa mwekundu, umevimba hadi kupanda juu ya ukingo wa kofia, na kila nikitema natema damu. Nikavuka hadi Mokowe, nikapanda basi.

Daktari, binti wa umri wa mwanangu wa pili, hakunigombeza. Alikwangua utando uliokuwa umeganda kuzunguka kofia, kisha akageuza karatasi ya dawa akachora mizizi miwili. "Tazama, baba," akasema. Jino la kuzaliwa, nyuzi za ufizi zimeingia ndani ya mzizi wake, zimeng'ang'ania. Chuma hakina pa kuziingiza. Nyuzi hupita kando yake na kukizunguka, basi. Hata damu inayofika hapo ni chache, kwa sababu ile nyama nyembamba yenye mishipa, iliyokuwa kati ya mzizi na mfupa, iliondoka pamoja na jino.

Nilimwelewa kabla hajaweka kalamu chini. Mbao za chombo hushikwa na misumari, lakini maji huzuiwa na kalafati. Piga misumari mizuri unavyotaka. Pamba ikioza kwenye maungio, chombo kitaingia maji. Mfupa wangu ulikuwa umeshika msumari. Kilichokuwa kikiharibika ni kalafati.

Akanijaribishia vibrashi vitatu, akachagua cha kati: kinachoingia bila kulazimishwa na nywele zake zikagusa pande zote mbili. Akasisitiza waya uwe umefunikwa plastiki, maana waya mtupu hukwaruza titani, na kwenye mikwaruzo ndiko uchafu hujificha. Mwanzo niliuziwa vyenye waya mtupu. Siku hizi, kabla sijatia kipya kinywani, nakipitisha kwanza juu ya ukucha. Kikiacha mstari, nakitupa.

Usiku nakilowesha kwa maji, bila dawa ya meno. Naingiza polepole kutoka upande wa shavu, mara nne au tano, halafu nageuka upande wa ulimi, ambao wengi tunausahau. Nakisuuza, nakianika. Siku tatu za mwanzo damu ilitoka. Daktari alikuwa amenionya nisiache kwa sababu ya damu hiyo, ila nikiona usaha au uvimbe unaongezeka nirudi mara moja. Siku ya sita mate yalikuwa meupe. Wiki ya tatu ufizi ulikuwa na rangi ya waridi, umekaza shingo ya kofia kama ukosi ulioshonwa vizuri.

Klorheksidini niliitumia wiki mbili, kama alivyoagiza, nusu saa mbali na dawa ya meno. Inasaidia, siikatai. Lakini pilau la nyumbani nililiona halina chumvi, nikamlaumu mke wangu bure. Kumbe ni dawa iliyobadilisha ladha, na nimemwomba radhi. Na kwa sisi tunaokaa barazani na kahawa, meno yalishika madoa ya kahawia mpaka yakasafishwa hospitali. Tambuu nimeiacha kabisa. Mswaki wa mti naendelea nao, ila nilikatazwa kuupeleka pale mpaka pamepona, maana nyuzi zake huchoma.

Sasa ubaya wa kibrashi. Mpini ni mfupi, na gego liko mbali. Mkono uliozoea kushika tezo na keekee huukunja ule waya kabla haujafika. Nimevunja vitatu ndani ya wiki moja. Viko vya mpini mrefu uliopinda kichwani, navyo ni ghali zaidi, lakini kwa meno ya nyuma nunua hivyo tangu mwanzo. Pakiti yangu ya vinane niliipata kwa shilingi 850, na kimoja hunitosha kama wiki moja kabla nywele hazijalala.

Mwezi uliopita nimefungwa jino lenyewe. Daktari alipitisha kijiti chake chenye alama za milimita kuzunguka ufizi wote, akakitoa, akanionyesha ncha yake chini ya taa. Haikuwa na damu. Kibrashi nakipa nyota nne, na ya tano nimeizuia kwa ajili ya ule mpini.