Rodi endi kwa gari la kila siku Mwanza: ipi ununue, ipi uiache dukani

Wadau wa Altezza na Impreza mnaotaka kutoa bushi za raba kwenye amu za nyuma (vile vyuma vinavyoshika tairi kwenye bodi) muweke rodi endi, hela yenu iende kwanza kwenye tefloni (ule utando mwembamba unaoteleza ndani ya tundu) na kava za kuzuia vumbi, mambo ya rangi na kung'aa achaneni nayo. Rodi endi ni kijiti chenye thredi, kichwani kina tundu lenye mpira wa chuma unaozunguka kila upande, raba hamna kabisa, ndo maana tairi linabaki pale ulipoliseti na gari linajibu fasta kwenye kona, ila ndo maana pia kila mtikisiko wa barabara unapanda moja kwa moja kwenye bodi. Huo mvumo utausikia hata kitu kikiwa kipya. Ile ko-ko-ko ya kwenye matuta ni habari nyingine, hapo mpira umeshaanza kucheza ndani ya tundu.

Namba moja kwangu ni ya kromoli, yaani chuma kigumu kilichochanganywa, yenye tefloni ndani. Watengenezaji Aurora na FK wanazo, ukiona namba imeishia na T, mfano JMX8T ya FK, hiyo T ndo tefloni. Ikiwa mpya mpira wake ni mgumu kuuzungusha kwa kidole, ndivyo inavyotakiwa, ukiona mpya inalegea legea irudishe. Na tafadhali usiipake grisi, tefloni inajilainisha yenyewe, grisi inakamata vumbi tu, na vumbi letu huku milimani, Bugarika, Mabatini, lina mchanga wa mawe, ukiingia mle unasaga ile tefloni ambayo ni nyembamba sana, ikishaisha hakuna cha kukaza, unanunua nyingine. Kwa hiyo kava za raba za pande zote mbili zinunue siku hiyo hiyo. Ukipeleka gari kuoshwa kwa mashine ya presha mwambie dogo asilenge maji kwenye viungo, yale maji yanasukuma mchanga hadi ndani.

Namba mbili, zile za aina ya Johnny Joint, mpira mkubwa wa chuma umekaa kati ya vikombe vya plastiki ngumu, unapiga grisi, vikombe vikiisha unabadilisha vyenyewe tu. Kwa kelele hizi ni tulivu kuliko namba moja na tope zinalivumilia, ila zilitengenezwa kwa ajili ya magari ya porini, ni nene na nzito, kwenye gari la chini mara nyingi nafasi haitoshi. Kama kwako inatosha, chukua hiyo.

Namba tatu ni zile za maduka ya bearingi, zimeandikwa POS, chuma juu ya shaba na nipo, kile kitundu cha kupigia grisi. Bei yake inavutia, lakini ni za mashine. Kwenye linki ya gia sawa, kwenye amu ya tairi hapana, shaba inalika na makelele yanaanza mapema.

Zisizo na jina wala namba sizipangi kabisa, hicho ndo kitu kimeshika tairi lako.

Na kama gari ni la kupeleka watoto shule, amu za chini za mbele waachie raba mpya, rodi endi weka pale tu unapohitaji kuseti kemba, yaani mlalo wa tairi ukilitazama kwa mbele.

Siku ya kufunga simama na fundi. Thredi iingie angalau mara moja na nusu ya unene wake, yaani ya milimita 12 iingie 18. Weka washa pana kuliko tundu ili mpira ukichomoka amu isidondoke. Halafu gari likiwa kwenye jeki, tairi linaning'inia, angalia kama shingo ya rodi endi imegota kwenye braketi, ikigota itapinda na siku moja itakatika hata kama ni ya bei mbaya. Kusikiliza baadaye ni rahisi, ingiza nondo fupi kati ya amu na braketi, sukuma taratibu huku kidole kiko kwenye kichwa cha rodi endi, ukihisi tiki hata ndogo, badilisha.