Tiki ya kijani ya uongo: programu ya kurushiana mafaili simu kwa simu

Nilikuja hapa nikiwa na nyota tatu mkononi. Inarusha bila bando, hilo sikatai, na kwa sisi wa Dodoma tunaohesabu kila MB, kurushiana GB 5 mkiwa mmekaa Nyerere Square si jambo dogo.

Majuzi nimepokea video ya send-off, GB 5.6, kwenda kwenye memori kadi. Asilimia 100, tiki ya kijani, "Imekamilika". Aliyenirushia akaifuta kwake maana simu ilishajaa. Kuifungua, haichezi hata sekunde moja. Nikatazama ukubwa: baiti 4,294,967,295.

Namba hiyo anayezijua kadi anaitambua. Kadi za GB 4 hadi 32 kwa kawaida huja na FAT32, mfumo wa kupanga mafaili ndani ya kadi, na FAT32 haibebi faili linalofika GB 4 kamili, yaani baiti 4,294,967,296. Linaishia hapo, pungufu baiti moja. Kadi iligoma kuandika, programu ikaendelea kupokea, zaidi ya GB moja ikaimwaga hewani, halafu ikapiga tiki! Na MP4 za kamera nyingi huandika mwishoni ile ramani inayoonyesha picha na sauti zimekaa wapi. Ukikatika mkia, video nzima haifunguki.

Kukwama ningesamehe. Kudanganya, hapana. BitTorrent ya Bram Cohen, njia ya kurushiana mafaili mtandaoni, tangu 2001 inakata faili vipande vipande, kila kipande na alama yake ya SHA-1, inayokokotolewa kutokana na kilichomo ndani yake. Kisipolingana kinatupwa, kinaombwa upya. Hii imeshindwa hata kulinganisha baiti zilizotoka na zilizofika.

Ukilazimika kuitumia, pokea kwenye memori ya simu yenyewe. Au fomati kadi iwe exFAT, mfumo usio na kikomo hicho cha GB 4, ila hamisha vyako kwanza, kuifomati kunafuta vyote. Likishafika, kila upande uweke faili lake kwenye kompyuta ya Windows, ufungue Command Prompt kwenye folda lilimo faili na uandike (sendoff.mp4 ni jina la faili):

certutil -hashfile sendoff.mp4 SHA256

Itatokea alama ya faili zima: herufi na tarakimu 64 za pande mbili zilingane zote. Kabla ya hapo mtu asifute chochote, hata simu ikilia imejaa.

Nyota mbili basi, kwa ajili ya bando. Hapana, nimeifungua tena sasa hivi naandika: tiki bado ipo, bado ya kijani, pembeni ya video isiyofunguka. Moja.