Zotero kwa anayeandika makala ya jarida akiwa Mtwara au Lindi

Wengi wanaoandika makala za kisayansi huku Kusini, wawe watafiti wa korosho Naliendele au walimu na wanafunzi wa vyuo, bado wanapanga marejeo kwa mkono. Wananakili kutoka makala nyingine, wanabandika mwishoni mwa faili la Word, kisha flashi inapelekwa steshenari ili kijana wa pale anyooshe. Jarida likilikataa andiko, kazi inaanza upya, maana la kwanza lilitaka jina na mwaka, na la pili linataka namba kwenye mabano ya mraba.

Kwa adha hiyo, Zotero ndiyo programu ya kutunza na kupanga marejeo tunayoipendekeza kwanza. Ni ya bure, ilianzia Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, mwaka 2006, na inafanya kazi na Word, LibreOffice na Google Docs. EndNote, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, ina nguvu, lakini inauzwa. Kinachoipa Zotero alama nyingi zaidi ni kwamba maktaba yako inakaa ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikayumba Afrika Mashariki, programu ya namna hii iliweza kuendelea kuchomeka marejeo kwenye Word bila mtandao.

Nafasi ya bure mtandaoni ni MB 300, nayo ni ndogo. Ripoti za zamani zilizoskaniwa zinaijaza upesi na kula bando lako. Ingia kwenye mipangilio ya usawazishaji, uondoe tiki ya mafaili, uache ya taarifa peke yake. Majina, miaka na vichwa vya makala havihesabiwi kwenye hizo MB 300.

Kuingiza makala, bofya alama ya kijiti cha uchawi juu ya orodha, bandika DOI (namba ya kudumu ya utambulisho wa makala), gonga Enter. Njia hii ni safi kuliko kuchota kutoka Google Scholar, ambako mara nyingi namba ya toleo au DOI yenyewe inakosekana, na kichwa huweza kuja chote kwa herufi kubwa. Hata hivyo DOI nayo huleta kilichoandikwa na mchapishaji, pamoja na makosa yake. Kila ingizo likaguliwe siku hiyohiyo likiingia, ukiwa na PDF mbele yako. Ukisubiri mpaka yawe mia moja, hutayakagua.

Kwa maandiko ya huku kwetu, makosa yanajirudia sehemu zilezile. Taasisi ni mfano mzuri. Ukijaza Wizara ya Kilimo kwenye visanduku viwili vya mwandishi, Zotero itaifanya Kilimo kuwa jina la ukoo, na Wizara itabaki herufi W. Pembeni ya jina kuna kitufe kidogo cha kubadili visanduku viwili kuwa kimoja. Kibofye, uandike jina la taasisi lote kwa mkupuo. TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) na Bodi ya Korosho wanataka hivyohivyo.

Jina la kisayansi huandikwa kwa herufi za mlazo (italiki), na halijilazi lenyewe. Kwenye kichwa andika <i>Anacardium occidentale</i>, na alama hizo mbili zikiwemo. Kwenye Word jina litatoka limelala bila alama. Fanya hivyo kwa Fusarium, Helopeltis na vingine vyote. Kuna wahariri wanaorudisha andiko kwa kosa hili tu, na wana haki.

Herufi kubwa ndizo zinazosumbua zaidi. Mtindo wa marejeo wa APA unataka kichwa cha makala kiwe na herufi kubwa mwanzoni na kwenye majina maalumu tu, na Zotero haikufanyii hilo wakati wa kuchapa, inatoa ulichohifadhi. Bofya kichwa kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Sentence case, kisha soma tena, kwa sababu Tanzania au Mtwara huweza kushushwa ikawa herufi ndogo. Kinyume chake, mitindo kama MLA inapandisha kila neno kubwa, na kijitabu cha Kiswahili kitatoka na “Cha” na “Ya” kama vile ni Kiingereza. Dawa yake ni kuandika sw kwenye sehemu ya lugha. Anayeandika kuhusu Tendaguru, Lindi, na kurejelea ripoti za Wajerumani waliochimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, aweke de, wala asiziguse herufi kubwa za vichwa hivyo: nomino za Kijerumani zote huanza na herufi kubwa.

Kwenye Word mambo ni mepesi. Chagua mtindo, chomeka marejeo, weka orodha mwishoni. Jarida likibadilika, unabadili mtindo kwenye Document Preferences, na namba zote zinajipanga upya. Hazina ya mitindo ina zaidi ya 10,000, kwa hiyo tafuta kwa jina la jarida lenyewe. Kama halimo, kama ilivyo kwa baadhi ya majarida ya nyumbani, chukua mtindo ulio karibu na makala ya toleo lake la mwisho, umalizie kwa mkono. Jarida likitaka vifupisho, mfano Crop Prot. badala ya Crop Protection, jaza sehemu ya kifupisho na uondoe tiki ya vifupisho vya MEDLINE (hifadhidata ya makala za tiba), la sivyo ulichojaza hakitasomwa.

Ukiona 2019a na 2019b na makala ni moja, umeiingiza mara mbili. Nenda Duplicate Items, unganisha, kisha rudi Word ubofye Refresh. Ikigoma, futa moja kwenye Word na uchomeke upya. Ukiona herufi ya jina la kwanza imejitokeza ndani ya sentensi, mwandishi huyohuyo ameandikwa kwa namna mbili, pengine mara moja kwa jina zima na mara nyingine kwa kifupi. Yalinganishe.

Usirekebishe orodha ya mwisho kwa mkono wakati andiko bado hai. Refresh inayofuata itafuta yote. Mwambie pia mwandishi mwenzako asilifungue na kulihifadhi kwa programu nyingine, kwani viungo vya marejeo huweza kukatika na namba zikabaki maandishi matupu. Siku ya kutuma, hifadhi nakala kwa jina jingine, bofya Unlink Citations kwenye nakala hiyo peke yake, na marekebisho ya mkono yafanyike humo. Asili iache na viungo vyake, maana wakaguzi watakurudisha kwake.

Jambo moja tunalishukuru sana: Zotero inatumia taarifa za Retraction Watch, wanaofuatilia makala zilizofutwa, na makala iliyofutwa na jarida lake inaonyeshwa kwa onyo jekundu kabla hujaitegemea.

Kuhusu akiba, usiliweke folda la data ndani ya Dropbox wala OneDrive, kwani hifadhidata huweza kuharibika. Funga programu kwanza, kisha nakili folda zima kwenye diski ya nje, na baada ya kunakili fungua uhakikishe faili la zotero.sqlite limo.