Mzee akae kea homu (makao ya kutunzia wazee) au nyumbani?

Kwa sisi tulioko Uingereza hili swali halikomi tangu korona. Kwa usalama, 2020 nyumbani kulishinda: hospitali zilipeleka wagonjwa kea homu bila kuwapima, wahudumu wa muda wakazunguka homu hii na ile wakisambaza virusi, wazee wakafa wengi mno na watoto wakaishia kumpungia mama dirishani, inauma sana. Ila chanjo ilipokuja Desemba, wakaazi wa homu ndo waliwekwa mstari wa kwanza. Gharama? Homu inaweza kula hadi nyumba ya mzee, ikauzwa kuilipia, lakini nyumbani nani atamgeuza kitandani saa nane usiku? Mkiwa watatu wanne wa kupeana zamu, kaeni naye. Ukiwa peke yako na kazi juu, tafuta homu yenye wahudumu wa kudumu, na uliza kabisa wakifunga milango mtamwonaje.