Nyimbo tatu tu: uzoefu wangu na Breeding Death ya Bloodbath

Huu ni mwaka wa pili EP hii, yaani rekodi fupi kuliko albamu, iko kwenye simu yangu, na CD yake iko kabatini tangu Februari. Ina nyimbo tatu, na zote pamoja hazifikishi robo saa. Asubuhi nikipanda daladala Mbagala Rangi Tatu, foleni ikiwa ya kawaida, inaisha kabla hatujafika Mtoni kwa Azizi Ally. Naianza upya.

Kwa msiowajua: Bloodbath ni bendi ya dethi metali, muziki mzito wa magitaa na sauti ya kunguruma, iliyoanzishwa Stockholm, Uswidi, mwaka 1998, na Breeding Death ndiyo kazi yao ya kwanza, iliyotoka mwaka 2000 chini ya lebo ya Century Media. Wote wanne walikuwa tayari na majina yao kwingine. Anders Nyström, mpiga gitaa, na Jonas Renkse, aliyeshika besi, walikuwa wa bendi ya Katatonia. Mikael Åkerfeldt ni sauti na gitaa la bendi ya Opeth, ila hapa gitaa kaliweka chini, anaunguruma tu. Dan Swanö, aliyetokea bendi ya Edge of Sanity, yuko kwenye dramu.

Makundi ya mastaa huwa siyaamini sana. Mara nyingi kila mmoja anakuja na jina lake, na wimbo unabaki hauna mwenyewe. Hawa walikuwa wameshakula chungu kimoja kwa miaka. Koo la Renkse, ambaye kwa Katatonia ndiye mwimbaji, lilipogoma kunguruma, Åkerfeldt ndiye aliyemshikia nafasi kwenye albamu ya Katatonia ya 1996, Brave Murder Day. Albamu mbili za mwanzo za Opeth zilirekodiwa studio kwa Swanö, Unisound, na Swanö huyo huyo akawapigia Katatonia dramu kwenye Tonight's Decision ya 1999. Ukisikiliza EP hii unasikia watu wasiohitaji kutazamana ili wajue wimbo unageukia wapi.

Kilichonikamata zaidi ni ufupi. Hawa ni watu wa nyimbo ndefu. Mwaka 1996 Swanö na wenzake wa Edge of Sanity walitoa albamu nzima, Crimson, yenye wimbo mmoja wa dakika 40, na Åkerfeldt aliingia humo kama mgeni. Opeth mwaka huo huo wana wimbo unaofika dakika 20. Katatonia nao kufikia 1998 walikuwa wameshaacha ngurumo, wanaimba kwa sauti safi ya majonzi. Halafu watu hao hao wanaingia studio na kutoa nyimbo tatu fupi, bila kinanda, bila gitaa la kavu la kupumzishia. Nasikia furaha humo. Wamerudi kwenye muziki walioupenda wakiwa vijana wadogo na hawataki kuupamba.

Muziki wenyewe ni ule wa Stockholm ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mama wa sauti hiyo ni Left Hand Path, albamu ya bendi ya Entombed ya mwaka 1990, iliyorekodiwa studio ya Sunlight kwa prodyuza Tomas Skogsberg. Siri yake inajulikana: pedali ya gitaa ya Boss HM-2 ya kukwaruza sauti, kile kiboksi cheusi chenye maandishi ya rangi ya chungwa, vitufe vyote vinne vimezungushwa hadi mwisho. Gitaa linatoka kama msumeno wa injini unaopasua gogo la mninga. Lakini mwaka 1993 Entombed wenyewe walishageukia njia nyingine, na wengi wakawafuata. Bloodbath walipokuja, walikuwa wanaienzi sauti ambayo wenyewe walishaiacha, na wanaienzi kwa adabu.

Mimi napiga gitaa la rithimu kwenye bendi ya harusi. Kazi yangu ni sauti safi, nyuzi nyembamba, watu wacheze. Usiku mmoja tulimaliza shughuli saa nane, tukawa tunasubiri gari la vyombo nje ya ukumbi. Nikaamua kujifunza rifu, yaani kipande cha gitaa kinachojirudia, ya wimbo wa kwanza, ule wenye jina la EP. Nikalegeza nyuzi kwa sikio hadi ile nene ikaanza kugonga vyuma vya shingo ya gitaa. Mkono wa kushoto haukunisumbua, noti zenyewe chache. Shida ilikuwa kulia. Kiganja lazima kilalie nyuzi karibu na daraja la gitaa, pale zinapofungwa, kikibonyeza kidogo tu: ukizidisha, noti inakufa, ukipunguza, zote zinavuma kama nyuki. Na mpigo hauruhusiwi kuchelewa hata kidogo, maana dramu ya Swanö haikungoji. Baada ya dakika kumi kifundo cha mkono kilikuwa kinawaka moto. Tangu usiku ule simwamini anayesema muziki huu ni kelele za kugonga ovyo.

Mpiga dramu wetu alikuwa amekaa pembeni juu ya boksi la spika. Nikamwekea wimbo kwenye simu. Kwenye sehemu ambayo mwendo unatulia na gitaa linaanza kuyumba taratibu, akanyoosha mkono: "Kaka, hebu rudisha hapo." Nikarudisha mara tatu. Akasema, "Huyu hana papara. Anapiga kama mtu wa dansi." Sijawahi kusikia sifa ya Swanö iliyonyooka kuliko hiyo.

Kuhusu Åkerfeldt, ngurumo yake ni nzito na inatoka tumboni, lakini maneno anayatamka. Ukiwa na mashairi mkononi unaweza kumfuata. Mashairi yenyewe ni ya kutisha: maiti, damu, mazishi. Yachukulie kama filamu ya kutisha, na usiyapige mbele ya watoto. Mimi huvaa hedifoni nikiwa nyumbani, kwa heshima ya mama.

Wimbo wa tatu, Furnace Funeral, ndio ninaoupenda kupita zote. Una uzito wa mtu anayetembea na gunia mgongoni na hajakusudia kulitua. Wa pili, Ominous Bloodvomit, ni mzuri, ila ukiwa katikati ya hiyo miwili unaonekana mdogo. Lawama yangu kubwa ni besi. Renkse yupo, ila gitaa limemfunika, na kwenye spika za kawaida humsikii kabisa.

CD nimeipata kwa taabu. Mara ya kwanza niliagiza kwa muuzaji wa mtandaoni, likaja kasha tupu lenye ufa, na ujumbe wangu haukujibiwa hadi leo. Mara ya pili mjomba wangu anayeishi Malmö, Uswidi, aliikuta kwenye duka la CD za mitumba, akaja nayo likizo. Nikamwekea sebuleni. "Mpwa wangu," akaniuliza, "na huyu analilia nini?" Nikamwomba avumilie hadi mwisho, akavumilia. Akasema ngoma ameielewa, sauti bado.

Kama hujawahi kusikia dethi metali ya Uswidi, anzia hapa, kwa sababu haitakuchukulia muda mrefu na hakuna kipande cha kuruka. Ukiipenda, nenda moja kwa moja kwenye Resurrection Through Carnage ya 2002, albamu yao ya kwanza kamili, ambayo wanne ni wale wale. Breeding Death naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Hiyo nusu niliyokata ni ya besi.