Mshipi angavu wa kuzama polepole kwa samoni wa pinki wa Puget Sound

Wavuvi wengi wa nzi bandia (ndoano ndogo iliyofungwa manyoya) hubishana kuhusu ufito, ilhali kwa samoni wa pinki kazi kubwa iko kwenye mshipi. Kwa fukwe za Puget Sound, ghuba ya jimbo la Washington, Marekani, ukiwa na ufito wa futi 9 namba 6 (namba ya uzito wa mshipi unaoufaa), wa kununua kwanza ni mshipi angavu, usio na rangi kama kioo, unaozama sentimita 4 hivi kwa sekunde.

Samaki hawa hufurika miaka ya witiri, Agosti ikiwa ndiyo kilele, na huambaa ufuoni, mara nyingi kwenye maji ya mita moja au mbili tu. Mshipi unaoelea huyumbishwa na mawimbi ukalegea. Samaki anaonja na kutema, mkono haujui. Ule wa kuzama haraka unanasa kwenye mawe na mwani. Huu wa kati hukaa chini ya wimbi umenyooka, kila mguso unafika kidoleni. Na kwa kuwa hauonekani, mita 2.5 za uzi wa ratili 8 au 10 zinatosha mbele yake, kisha nzi mdogo wa pinki, wa ndoano namba 6 au 8, mwenye manyoya machache. Vuta sentimita 10, tua, vuta tena. Akishika, kaza taratibu: mdomo wake mlaini huchanika, na sheria ya huko inataka ndoano isiyo na kimiba, kwa hiyo usilegeze hata kidogo.

Kasoro zipo. Maji ya huko ni baridi, na mshipi unatoka kwenye rili umejikunja kama springi ya kalamu; unyooshe kwa mikono, mita moja moja, kabla ya kurusha. Usiung'oe majini ukiwa mbali, utavunja ncha ya ufito. Uvute mpaka kichwa kizito, yaani sehemu nene ya mbele ya mshipi, kifike kwenye pete ya mwisho ya ufito, uuviringishe mbele kwa ufito mpaka ulale juu ya maji, ndipo urushe. Kichwa hicho hakionekani, basi kitie alama ya wino usiofutika. Kitanzi cha mbele, kinachounganisha mshipi na uzi, ndicho hupasuka mapema. Kikague kila mara. Bila kikapu cha kiunoni cha kupokea mshipi unaouvuta, mshipi utazama miguuni na kukanyagwa.

Baadaye osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ukaushe kivulini. Dawa ya mbu yenye DEET huyeyusha ngozi ya mshipi, hivyo futa vidole kwanza. Anayevua kwenye mashua, maji marefu, atafute mzito zaidi.